Rasta: Je, Wajua Nini Kinaendelea Chini ya Msuko?

Je, wajua kwamba yuko mwanamke aliyezikwa Amarna, nchini Misri, yapata miaka 3,300 iliyopita, akiwa amesukwa nywele za kuongezea? Mwaka 2014 mwanaakiolojia Jolanda Bos alieleza alichokikuta kwenye fuvu lake: vipande vya nywele vipatavyo 70, vimefungwa tabaka juu ya tabaka. Mwili wake haukukaushwa kwa dawa kama ya mafarao, ulizungushiwa mkeka tu. Kichwa, hata hivyo, kilipambwa kwa kazi ya saa nyingi. Anayedhani rasta ni mambo ya juzi amechelewa kwa zaidi ya miaka elfu tatu.

Mwanamke yule aliongezewa nywele za binadamu. Wahimba wa Namibia wamerefusha misuko yao kwa nywele za mbuzi. Kwetu, bibi na shangazi walisuka kwa uzi mweusi, na wengine bado husuka hivyo hadi leo. Lakini ukiingia saluni yoyote ya Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura, kilichoning'inia ukutani kwenye pakiti za rangi rangi ni plastiki.

Uzi uliotoka Japani

Rasta inayojulikana zaidi duniani inaitwa Kanekalon. Kampuni ya Kaneka ya Japani ilianza kuizalisha mwaka 1957. Nyuzi zake ni za aina ya modakriliki, na hupatikana kwa kuunganisha malighafi mbili: akrilonitrili, ambayo ndiyo hutoa nyuzi za akriliki za masweta, na vinili kloridi, ambayo ndiyo hutoa mabomba ya PVC ya maji. Klorini iliyomo ndiyo inayoufanya uzi huo usiendelee kuwaka ukishaondolewa kwenye moto. Joto la maji yanayochemka linatosha kuulainisha ukubali umbo jipya, na ndiyo maana msusi huchovya ncha za rasta kwenye maji ya moto ili msuko usifumuke.

Si kila pakiti ni Kanekalon. Nyingine ni polipropilini, nyingine poliesta, nyingine PVC yenyewe. Nyingine ni nywele za binadamu kweli, na sehemu ya nywele hizo hutoka India, kwenye hekalu la Tirumala, ambako mahujaji hunyolewa kama sadaka na nywele zao kuuzwa kwa mnada. Ukitaka kujua umeuziwa nini, chukua uzi mmoja, toka nje, uwashie kiberiti. Unywele wa binadamu hunuka kama manyoya ya kuku yanayobabuliwa, kisha huwa jivu linalosagika kwa vidole. Plastiki hujikunja na kuacha kitone kigumu.

Uzi mmoja unatosha kwa jaribio hilo. Kuchoma ncha za kichwa kizima kwa kiberiti ndani ya chumba kidogo ni jambo jingine, kwa kuwa modakriliki ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Nako kuwashwa kichwani siku mbili tatu baada ya kusuka kusipuuzwe. Mwaka 2025 shirika la Consumer Reports la Marekani lilipima rasta za plastiki za aina 10 likakuta madini ya risasi katika 9. Kuloweka rasta kwenye maji na kuisuuza vizuri kabla ya kusuka hupunguza vumbi na dawa zilizobaki juu ya uzi. Ikiwa ngozi bado inawaka baada ya hapo, fumua, kisha jaribu aina nyingine.

Unywele wenyewe

Sehemu ya unywele unayoiona na kuichana haina uhai. Ni protini ngumu iitwayo keratini, iliyofunikwa kwa magamba madogo yanayolaliana. Uhai uko milimita chache chini ya ngozi, kwenye kinyweleo, kitundu ambamo mzizi umekaa, ukilishwa na damu na kusukuma unywele mpya juu. Kichwa kina vinyweleo takriban 100,000, na kila kimoja kina kalenda yake. Hukuza unywele kwa miaka 2 hadi 6, kisha hupumzika kwa miezi kama 3, unywele ule hudondoka, kazi inaanza upya. Kwa siku moja mtu mwenye afya hupoteza nywele kati ya 50 na 100.

Nywele za kipilipili zina umbile la kipekee. Kinyweleo chake kimepinda, na unywele ukikatwa kati unaonekana bapa, wala si duara. Kila unapojisokota, magamba huinuka kidogo, na hapo ndipo panapokatika kwa urahisi. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hushindwa kushuka kwenye mizunguko hiyo hadi nchani, kwa hiyo ncha hukauka. Kila siku unayopitisha kichana kikavu ni siku ya kukata baadhi yake.

Hapa ndipo rasta inapokuwa na faida ya kweli. Nywele zikifichwa ndani ya msuko kwa wiki kadhaa hazichanwi kila asubuhi, hazipigwi pasi, hazisuguani na kola ya shati. Urefu ambao ungekatika unabaki. Wanaosema rasta imewakuzia nywele wanasema kweli kwa maana hiyo: mzizi haukuongeza kasi, ila kilichoota hakikupotea njiani.

Adui ni mvuto

Mwaka 1907 daktari aitwaye Trebitsch alieleza upara aliouona Greenland, kule kwenye barafu. Wanawake wa huko walikuwa wakizivuta nywele zao na kuzifunga kwa nguvu juu ya kichwa, na miaka ilivyopita nywele za kandokando zikatoweka. Hawakuwa na kipilipili, wala rasta, wala dawa ya kulainisha nywele. Walikuwa na mvuto tu. Madaktari wa ngozi wanaujua upara wa aina hiyo hata kwa wacheza baleti wanaobana nywele kila siku, na kwa wanaume wa Kisingasinga wanaozifunga chini ya kilemba.

Mzizi ukivutwa mfululizo, ngozi inayouzunguka huvimba. Kinyweleo hukatiza kazi yake kabla ya wakati, unywele unadondoka. Mvuto ukikoma mapema, kinyweleo hurudi kazini baada ya miezi michache. Ukiendelea kwa miaka, mahali pa kinyweleo hujengeka kovu. Kovu haliotishi nywele, upake mafuta ya nazi, ya mnyonyo au ya bei yoyote ile.

Nonhlanhla Khumalo, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na wenzake walikwenda kuwapima watu vichwa badala ya kuwasubiri hospitalini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha dalili za upara wa mvuto kwa asilimia 17.1 ya wasichana wa shule na asilimia 31.7 ya wanawake watu wazima, karibu mmoja katika kila watatu. Hatari ilizidi pale nywele zilizowekwa dawa zilipoongezewa mvuto juu yake. Ilizidi pia kwa waliosema msuko uliwauma au uliwatoa vipele.

Kwa hiyo maumivu yana maana. Saluni zetu zimezoea kuyachukulia kama sehemu ya bei: mvumilivu hula mbivu, meza panadoli, kesho kutwa utazoea. Panadoli hutuliza kichwa, hailegezi msuko. Ukishindwa kuinua nyusi, ukilala kifudifudi kwa sababu kisogo hakigusiki, ukiota vipele vyenye maji kwenye mstari wa nywele, mizizi imekwisha kutoa taarifa. Msuko uliofungwa vizuri hauumi, hata siku ya kwanza.

Mtazame msusi anapofika kwenye paji la uso. Nywele za hapo ni nyembamba na chache kuliko za utosini. Anachota kishungi kidogo mno, anakibana kwa kucha ili mstari uwe safi, anafunga fundo la rasta juu yake, na msuko unaofika kiunoni unaachwa uning'inie hapo. Pembeni mwa masikio ni hivyo hivyo. Mtindo wa twende kilioni huvuta zote kuelekea kisogoni, na ukizifunga tena juu kwa mpira unakuwa umeongeza mvuto juu ya mvuto. Ndiyo sababu nywele za mbele ndizo hutangulia kuondoka. Ishara inayowasaidia madaktari ni mstari mwembamba wa malaika unaobaki mbele kabisa: yalikuwa mafupi mno kukamatwa na msuko, yakasalimika, huku nyuma yake ngozi ikiwa wazi.

Siku ya kufumua

Wengi huogopa wanapofumua na kukuta bonge la nywele mkononi. Piga hesabu. Wiki 6 ni siku 42. Kwa nywele 50 hadi 100 kwa siku, zilizodondoka ni kati ya 2,100 na 4,200, na zote zilikuwa zimeshikiliwa ndani ya msuko zikisubiri kuachiwa. Bonge lenyewe si msiba.

Chukua unywele mmoja kwenye bonge hilo, uweke juu ya kitambaa cheusi, uangalie ncha zake. Ukiwa na kitone cheupe upande mmoja, ulimaliza muda wake ukatoka kwa mzizi. Ukiwa mfupi na hauna kitone, umekatika, na kukatika kunakuambia ama nywele zilisukwa kavu, ama zilifumuliwa kwa haraka. Kisha angalia nywele zilizobaki kichwani, karibu na ngozi. Vikiwepo vimirija vyeupe vinavyoteleza ukivisogeza kwa kucha, watu huvidhania kuwa ni mba. Mara nyingi hivyo ni alama ya mzizi unaovutwa, na mahali hapo hapastahili kusukwa tena mwezi huu wala ujao.

Kusuka bila kuua mzizi

Kabla ya kusuka, osha nywele, zipe mafuta ya maji au kondishena, zikaushe, zichanue taratibu kuanzia nchani kwenda kwenye mzizi. Nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha hivi karibuni zisiongezewe rasta. Zipe wiki kadhaa.

Kwenye kiti, ukubwa wa kishungi uendane na uzito wa msuko. Misuko midogo mirefu sana ndiyo hatari, kwa kuwa nywele chache zinabeba rasta nyingi. Omba msusi aanze na nywele zako mwenyewe, kisha aongeze rasta kidogo kidogo anavyoshuka, bila fundo kwenye mzizi. Huchukua muda zaidi na hugharimu zaidi, lakini uzito haukai wote mahali pamoja. Malaika ya mbele yaachwe nje. Anayeshonea wivingi akumbuke kwamba njia zilizo chini ndizo zinazobeba kila kitu, na zikikazwa, madhara yamefichika kusikoonekana. Gundi juu ya ngozi ni bora iepukwe kabisa.

Msuko ukishakuwa kichwani, ngozi bado inahitaji maji. Changanya shampuu na maji mengi kwenye chupa ya kupulizia, osha ngozi kila baada ya wiki mbili, suuza, na kausha mpaka ndani, maana msuko uliobaki na unyevu hunuka. Misuko iliyolowa ni mizito, kwa hiyo usiibane juu kabla haijakauka. Usiku funga kitambaa cha satini. Pamba hunyonya mafuta na kusugua.

Wiki 6 hadi 8 zinatosha. Katika miezi miwili nywele huota kama sentimita moja na nusu, msuko unashuka, na uzito wote unaning'inia kwenye hicho kipande kipya ambacho hakikusukwa. Nywele zilizodondoka nazo zinaanza kujifunga na zilizo hai. Baada ya kufumua, pumzisha kichwa wiki kadhaa, au suka nywele zako tupu.

Watoto wanahitaji huruma zaidi. Nywele zao ni laini, na hawana uwezo wa kumkatalia mtu mzima. Mtoto anayelia anaposukwa hadeki, anaeleza kinachotokea kwenye mizizi yake. Mabutu yaliyolegea yanampendeza vya kutosha, na maji ya moto ya kuchovyea rasta yakae mbali naye.

Paji la uso likianza kupanda, usifunike kwa wigi ukasubiri. Muone daktari wa ngozi mapema, wakati kinyweleo bado kinaweza kurudi kazini. Huduma hiyo ipo kwenye hospitali kubwa za kwetu, na hospitali ya KCMC, Moshi, ina kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Msusi hukaza kwa sababu sisi wateja tunasifia msuko uliokaza. Tumelipa, tunataka udumu miezi mitatu, na anayesuka kwa kulegeza anaonekana hajui kazi. Kwa hiyo mabadiliko yanaanza kwa anayekaa kwenye kiti. Mwambie mapema, kabla hajashika kishungi cha kwanza: dada, nataka usiokaza, na nitarudi mapema kuurudia. Mlipe vizuri kwa hilo. Msuko wa aina hiyo utachakaa wiki mbili kabla ya ule uliokazwa, na nywele za mbele zitakuwepo kusukwa tena mwakani.