Kipalapala, Igalula na Somo Lisilo kwenye Ratiba

Treni ya Reli ya Kati itokayo Dar es Salaam, ikishapita Tura na Goweko, hufika Igalula kabla ya kuingia Tabora. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo wapagazi wa Kinyamwezi walikatiza pande hizi kwa miguu, wakipitia Tura, Rubuga na Kigwa, mabegani wamebeba pembe za ndovu zilizokwenda pwani. Leo ni nchi ya tumbaku, mahindi, mifugo na mizinga ya nyuki, na vijiji vyake vimetawanyika msituni. Jumapili, katika vigango vya nchi ya namna hii, anayesimama mbele ya waumini kwa kawaida si padre. Ni katekista. Anaongoza ibada, anafundisha watoto, anazika wafu, anasuluhisha ndoa zinazoyumba, kisha Jumatatu anarudi shambani kwake kama jirani zake.

Safari fupi kutoka Igalula, nje kidogo ya mji wa Tabora, iko Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo, Kipalapala, iliyoanzishwa mwaka 1925. Kwa karne nzima imewaandaa mapadre, na maaskofu wengi wa nchi hii wamepitia madarasa yake. Mafrateri wanaofika pale kusoma teolojia kwa miaka minne wameshamaliza falsafa kwingineko. Ukijumlisha mwaka wa malezi na kipindi cha uchungaji parokiani, malezi ya padre mmoja huchukua muda mrefu kuliko ya daktari wa tiba. Sina ugomvi na urefu huo. Swali langu ni hili: katika miaka yote hiyo, frateri anajifunza nini kutoka kwa katekista wa Igalula, na katekista yule anapata nini kutoka Kipalapala?

Watu wengi hudhani seminari ni chombo cha kale kisichogusika. Kumbe seminari yenyewe ilikuwa uvumbuzi. Hadi Mtaguso wa Trento ulipoagiza mwaka 1563 kila jimbo liwe na shule ya kulea mapadre, wengi wao walijifunza kazi kwa kumfuata padre mzee. Na hapa kwetu uvumbuzi mwingine ulitangulia seminari. Katika miaka ya 1880 Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, waliwalea Kipalapala watoto waliokombolewa utumwani. Wakati huohuo mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, alifungua chuo kisiwani Malta ambako vijana wa Kiafrika waliokombolewa walisomea uganga wa kisasa ili warudi wakiwa madaktari na makatekista kwa pamoja. Mmoja wao, Adrien Atiman, alizaliwa jirani na Timbuktu, akatekwa utotoni. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889 na kufanya kazi hapo hadi kifo chake mwaka 1956. Hakupewa upadre, lakini alipewa elimu ya kina iliyolingana na kazi aliyotumwa.

Huo ndio ubunifu tuliouacha njiani. Tulipojenga seminari kubwa, elimu nzito ikaenda kwa watakaopewa daraja, na katekista akabakiziwa semina ya siku chache na katekisimu ya maswali na majibu. Lakini maswali mazito zaidi ya teolojia katika nchi hii yanamfikia yeye kwanza.

Nitoe mfano mmoja. Katika mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa kushukiwa uchawi. Macho mekundu, ambayo aghalabu ni matokeo ya kupikia kwenye moshi wa kuni na samadi maisha yote, yalichukuliwa kuwa ushahidi. Mtoto anapokufa ghafla kijijini, mganga anapiga ramli, jina linatajwa, na usiku huo bibi fulani hayuko salama tena. Waumini wanaokwenda kwa mganga Jumamosi ndio walio kanisani Jumapili, na wapo wanaojua kwamba Kutoka 22:18 inaagiza mchawi asiachwe hai. Katekista anaulizwa papo hapo: je, Biblia haisemi hivyo?

Kujibu swali hilo kunahitaji elimu, tena ya juu. Inabidi ajue kwamba aya hiyo imo katika mkusanyo wa sheria za Israeli ya kale, kando ya sheria nyingine ambazo hakuna Kanisa linalozitekeleza leo. Inabidi aone kwamba aya nne tu mbele, sura hiyohiyo inakataza kumtesa mjane, na kwamba bibi anayenyooshewa kidole mara nyingi ni mjane mwenye shamba ambalo ndugu wanalitaka. Inabidi awe na moyo na namna ya kumwambia baba aliyefiwa neno la faraja lisilohitaji mtu wa kulaumiwa. Hapo kuna ufafanuzi wa Maandiko, maadili, uchungaji na hata afya. Kipalapala ina walimu wa mambo hayo. Igalula ina swali.

Kuwakutanisha ni kazi ya uongozi, na seminarini kiongozi ni gombera. Cheo hicho kina uzito mkubwa kuliko watu wa nje wanavyodhani. Kardinali Pengo, aliyesoma Kipalapala, alikuwa gombera wa kwanza wa Seminari Kuu ya Segerea kabla hajawa askofu. Gombera hawezi kubadili mafundisho ya Kanisa, wala hatakiwi. Anaweza kuamua somo lianzie wapi. Anaweza kuamua ni nani atakayesikilizwa pale frateri anapopimwa kama anafaa. Waraka wa Papa Yohane Paulo II wa mwaka 1992 juu ya malezi ya mapadre ulitaja nguzo nne: utu, maisha ya kiroho, akili na uchungaji. Mtihani wa karatasi unapima akili vizuri. Utu na uchungaji anaupima vizuri zaidi katekista aliyekaa na frateri huyo miezi kadhaa kijijini, akamwona anavyosalimia wazee na anavyokula ugali wa watu. Maoni yake yanapaswa kuandikwa na kusomwa na walezi, yasiishie kwenye mazungumzo ya njiani.

Upande wa pili, wa kumfikishia katekista elimu, nao una historia. Mwaka 1963 Wapresbiteri wa Guatemala waliona kwamba wanafunzi waliotolewa vijijini kwenda seminari wengi hawakurudi, na waliokuwa wakiongoza makanisa kwa kweli walikuwa watu wazima wenye familia na mashamba. Wakageuza utaratibu: mwanafunzi asome kijitabu nyumbani, akutane na mwalimu kila wiki karibu na kwake, na alichojifunza akitumie kanisani wiki hiyohiyo. Mpango ulienea duniani, na Waanglikana na Walutheri wa Afrika Mashariki waliupokea. Hapa nchini umejulikana kama elimu ya theolojia kwa enezi.

Mahali pengi umedhoofika, na sababu hazifichiki. Nauli ya mwalimu haikuwekwa kwenye bajeti. Vijitabu vilikwisha, havikuchapwa tena. Kubwa kuliko yote, viongozi wenyewe waliuona kuwa elimu ya daraja la pili, ya walioshindwa kwenda chuoni. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma, kwa sababu halihitaji fedha kulirekebisha. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya kudumu katika Kanisa. Huduma rasmi inadai elimu rasmi, na majimbo hayana tena kisingizio.

Lugha nayo ina lake. Frateri anasoma teolojia kwa Kiingereza, atahubiri kwa Kiswahili, na bibi wa Igalula atamfungulia moyo kwa Kinyamwezi. Vijitabu vya makatekista vikiandikwa kwa Kiswahili chenye mifano ya Unyamwezi, vitawafaa na mafrateri pia. Tabora imewahi kuwa mji wa vitabu: idara ya vitabu ya TMP (Tanganyika Mission Press) ilichapa na kusambaza vya Kiswahili nchi nzima.

Ningeanza na kijitabu kimoja, juu ya Kutoka sura ya 22. Kiandikwe na mwalimu wa Maandiko wa Kipalapala na makatekista wawili au watatu wa njia ya reli wakiwa meza moja. Kisomwe kwanza katika vigango vya Tura, Goweko na Igalula msimu wa kiangazi, mavuno yakiwa ghalani na watu wana nafasi. Mafrateri waende huko kama wanafunzi wenzao, na nauli za wote ziingizwe kwenye bajeti ya seminari ya mwaka ujao.