Kuongeza Volti Kwenye Pikipiki ya Umeme: Mwendo Huongezeka, Breki Hubaki Zilezile

Na Mwandishi Wetu

Kadiri pikipiki na bajaji za umeme zinavyozidi kutumika nchini, wapo wamiliki wanaotaka kujua iwapo ni salama kufunga betri ya volti 60 kwenye chombo kilichoundwa kwa volti 48 ili kukiongezea mwendo.

Ni kweli kwamba mwendo huongezeka, kwa kuwa kasi ya mota hizo hufuata volti. Ongezeko la kutoka volti 48 hadi 60 ni asilimia 25. Chombo kilichokuwa kikifikia kilomita 40 kwa saa kinaweza kukaribia 50. Hata hivyo, kwa kasi hiyo nguvu inayohitajika kushinda upinzani wa hewa hukaribia kuwa maradufu. Mota hulazimika kuvuta umeme mwingi zaidi, na waya zake za shaba hupata joto.

Waya hizo hupakwa vanishi inayozuia umeme kuvuka kutoka waya mmoja hadi mwingine. Kwa makadirio yanayotumiwa na wahandisi, kila nyuzi joto 10 zaidi ya kiwango kilichowekwa hupunguza maisha ya vanishi hiyo kwa nusu. Hivyo mota inaweza kufanya kazi vizuri kwa muda, kisha ikaungua bila mmiliki kuihusisha hitilafu hiyo na betri aliyoibadilisha.

Kifaa kingine kilicho hatarini ni kidhibiti cha mota, ambacho mafundi hukiita kontrola. Vidhibiti vingi vya volti 48 hufungwa kapasita zenye uwezo wa volti 63. Betri ya lithiamu ya volti 60 yenye seli 16, ikijaa chaji kwa volti 4.2 kila seli, hufikia volti 67.2.

Jambo zito zaidi ni usalama barabarani. Kasi ikipanda kutoka kilomita 40 hadi 50 kwa saa, umbali ambao chombo husafiri baada ya breki kushika huongezeka kwa zaidi ya nusu, ilhali breki, matairi na fremu havijabadilika. Abiria aliyepanda hana namna ya kulifahamu hilo.

Wamiliki wanashauriwa kusoma kibao cha mtengenezaji na kuhakikisha kuwa betri, chaja, kidhibiti na mota vina volti inayolingana. Anayehitaji mwendo mkubwa zaidi achague chombo kilichoundwa kwa mwendo huo tangu kiwandani, pamoja na breki zake.