Mboga Kando ya Barabara Kuu: Jua Udongo Unaoulima

Kutoka Mtwapa hadi Malindi, mashamba mengi ya mboga, mahindi na mihogo yanafika karibu kabisa na lami. Mkulima hapo hahangaiki: wateja wanapita mlangoni na gari la sokoni linasimama papo hapo. Hata hivyo, udongo wa kando ya barabara yenye magari mengi hukusanya metali nzito kama vile risasi, zinki, shaba na kadimiamu.

Metali hizi hutoka wapi?

Tairi zikilika huacha vumbi lenye zinki, nazo breki huacha vumbi lenye shaba. Risasi ilitoka zaidi kwenye petroli, ambamo ilitiwa kwa miaka mingi ili injini isigonge. Ilitoka na moshi ikatua kando ya barabara. Kenya iliacha kuuza petroli hiyo mwaka 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani, ikaacha mwaka 2021. Lakini risasi haiozi. Iliyotua miaka ya 1990 inaweza kuwa ingali kwenye udongo wa juu, ule ule tunaoulima.

Kuna hatari gani?

Risasi hudhuru ubongo wa mtoto na kupunguza damu, mara nyingi bila dalili za mapema. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathirika vibaya kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Kando ya barabara kiwango huwa cha chini zaidi kwa kawaida, lakini vumbi hilo linaweza kufika jikoni kila siku.

Ufanye nini?

• Panda mboga za majani, kama mchicha na mnavu, angalau mita 30 kutoka kwenye lami. Metali hupungua haraka kadiri unavyoiacha barabara. Hata mtsunga, usiuchume ukingoni.
• Sehemu iliyo karibu na barabara iachie minazi, miembe, mikorosho au ua wa miti. Matunda huchukua risasi kidogo kuliko majani na mizizi.
• Osha mboga vizuri kwa maji safi, kisha menya mihogo. Risasi nyingi ya kwenye majani ni vumbi tu.
• Tia samadi iliyooza vizuri. Udongo wetu wa kichanga haushiki metali vyema. Samadi huzishika ili mmea usizifyonze kwa wingi.
• Usianike mahindi wala mihogo kando ya lami.
• Watoto wanawe mikono kabla ya kula.
• Usivunje betri, usichome tairi na usimwage oili chafu shambani wala nyumbani.

Risasi haionekani kwa macho wala haina harufu. Ikiwa shamba lako linapakana na barabara kuu, muulize afisa wa kilimo wa wadi yako kuhusu kupima udongo. Mweleze kwamba unataka kipimo cha metali nzito, kwa sababu kipimo cha kawaida cha rutuba hakionyeshi risasi.