Kupiga Picha za Arusi Uwanjani

Ni nani kati yetu asiyepata kuona picha ya arusi ambayo gauni la bibi arusi lang'aa vyema, lakini nyuso zimekuwa kiza kitupu, jicho halijulikani wala pua? Picha hiyo hutundikwa ukutani vivyo hivyo, kwa kuwa arusi hairudiwi. Twapenda kueleza sababu yake, hasa arusi ifanyikapo nje, penye jua na mawingu.

Kamera ina kipimo cha mwanga, lakini kipimo hicho hakijui kinachotazama. Hudhani kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu, yaani chenye kurudisha kadiri ya sehemu 18 katika 100 za mwanga kiupatao. Kikikabili gauni jeupe au kanzu, huona mwanga umezidi, nacho huupunguza. Basi gauni hugeuka kijivu, na mwenye gauni huwa mweusi kuliko alivyoumbwa. Kikikabili suti nyeusi hukosea kinyume chake. Kwa hiyo hapana budi kuupima uso. Mpiga picha na asogee karibu, apime mwanga wa shavu, kisha arudi mahali pake. Na ikiwa uso ni mweusi sana apunguze hatua moja, maana kipimo hutaka kuufanya nao kijivu.

Wala lawama si ya kipimo peke yake. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 rangi za filamu zilisawazishwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu. Katika miaka ya 1990 ndipo kampuni ya Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali.

Sasa tutazame mwanga wenyewe. Penye jua kali, kwa filamu ya nguvu 100, kanuni ya zamani ni tundu la lenzi namba 16 na mwendo wa sehemu 1 ya 125 ya sekunde. Wingu jepesi likipita, tundu hufunguliwa hadi 11. Likiwa zito, 8, kisha 5.6. Kila hatua ni nusu ya mwanga uliotangulia, hata katika 5.6 imebaki sehemu 1 tu ya 8. Jicho la mwanadamu hujizoeza upesi, lisihisi upungufu huo. Ndiyo maana twasema kipimo kirudiwe kila wingu lipitapo, ingawa maharusi wamesimama palepale.

Saa 6 mchana jua la nchi zetu huwa karibu na utosi, na macho huzama katika vivuli vya nyusi. Watu hukimbilia chini ya mwembe. Kivuli ni kizuri, lakini mwanga upenyao majani hutia mabaka usoni, na kijani cha majani huonekana katika gauni. Afadhali pembeni mwa kivuli, maharusi waelekee uwanja ulio wazi. Ukuta uliopakwa chokaa ukiwa mbele yao, au shuka jeupe lililoshikwa na vijana wawili, huzirudishia nyuso mwanga usio na gharama yoyote.

Mwenye filamu ya negativu akiwa na shaka na azidishe mwanga kidogo, kwani filamu hiyo huvumilia. Mwenye kamera ya dijitali na atende kinyume: weupe wa gauni ukishapotea haurudishwi tena, bali kiza cha uso huweza kuinuliwa kidogo baadaye.

Kuanzia saa 10 alasiri mwanga hulainika, na rangi ya ngozi hupendeza mno. Maharusi walipe jua mgongo, nyuso zipimwe peke yake. Lakini tusijidanganye kwamba muda ni mrefu. Katika Uingereza mwezi Juni mwanga hubaki zaidi ya dakika 40 baada ya jua kuchwa. Tanga au Mombasa jua huteremka karibu wima, na dakika 20 na kitu zikipita, giza limeingia. Hotuba za arusi, kama mjuavyo, hazina haraka. Basi picha ya wazazi na mababu ipigwe kabla ya hotuba, nao wakiketishwa mbele. Vijana wa kucheza ngoma watapatikana hata usiku, kwa taa.