Hesabu Pumzi Kabla ya Kombe



Mwezi uliopita, baada ya swala ya Alasiri, alinijia mama mmoja wa hapa Utange amempakata mwanawe wa miezi saba. Aliniomba kombe, kwani mtoto alikuwa akihema mbio mbio tangu usiku, na nyanya yake amesema ni jini. Nikamwambia amfunue nguo, nami nikatazama saa. Katika dakika moja kifua kilipanda na kushuka mara 64. "Mwanangu," nikamwambia, "nenda zahanati sasa hivi. Kombe nitakuandikia ukirudi."

Miaka ishirini nyuma nisingelisema hivyo. Niliwahi kumwandikia kombe mtoto mwenye hali kama hiyo, na kabla ya Ijumaa tulimzika.

Mara nyingi maradhi haya ni nimonia, ambayo wazee wetu huiita kichomi. Vifuko vya hewa ndani ya mapafu hujaa usaha na majimaji, damu ikakosa hewa ya kutosha, na mwili hujifidia kwa kuvuta pumzi haraka. Mhesabu mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, kwa dakika nzima, maana pumzi za mtoto mchanga hazina mwendo mmoja. Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka: chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari, tangu miezi miwili hadi mwaka, 50, tangu mwaka hadi mitano, 40.

Lakini kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu, au midomo ikigeuka buluu, au mtoto akishindwa kunyonya, acha kuhesabu. Mkimbize hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Wala mke asingoje idhini ya mume aliye safarini; kuokoa nafsi ni dharura, na Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta dawa.

Chanjo ya kukinga aina moja ya vidudu vya nimonia hutolewa bure nchini tangu 2011, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Tazameni vitabu vya kliniki vya watoto wenu.

Yule mama alirudi siku ya tatu, mtoto anacheka. Alipewa vidonge vya kuyeyushwa majini kwa siku tano, naye alikuwa ameshaviacha kwa kuwa mwana amepona. Nikamrudisha nyumbani avimalize, ndipo nikaliandika kombe lake.