Rangi ya Jokofu na Jina la Kigali

Vifaa vya jikoni vya rangi kali na umbo la kale, kama majokofu ya kona za mviringo na mabirika ya umeme yanayokumbusha miaka ya 1950, huchaguliwa kwa jicho, na hilo si kosa, kwa kuwa jiko linalopendeza hufanyiwa kazi kwa moyo. Hata hivyo, mnunuzi wa Kigali ana sababu ya pekee ya kukagua pia kilicho nyuma ya rangi.

Kwa muda mrefu vifaa hivi vilikuwa vyeupe, weupe ukihesabiwa kuwa ushahidi wa usafi, hadi viwanda vya Marekani vilipogeukia rangi, na mwaka 1955 KitchenAid ikaziuza mashine zake za kukandia unga katika rangi za waridi, manjano na kijani. Mwaka 1997 kampuni ya Smeg ya Italia ilitoa jokofu la FAB28, ambalo umbo lake ni la zamani ilhali mitambo yake ni ya kisasa. Kifaa cha namna hiyo kisichanganywe na kikuukuu halisi: jokofu lililoundwa kwa ajili ya Marekani hutumia umeme wa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, wakati Rwanda hutumia volti 230 na mizunguko 50, na transfoma hurekebisha volti tu, si mizunguko.

Jambo zito zaidi ni gesi ya kupoza. Majokofu ya zamani yalitumia gesi zilizoharibu tabaka la ozoni, nazo zikafuatwa na haidrofluorokaboni, ambazo haziidhuru ozoni lakini huongeza joto la dunia. Mojawapo, R-134a, hunasa joto zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Tarehe 15 Oktoba 2016 mataifa yaliyokutana Kigali yalikubaliana kuzipunguza gesi hizo, na makubaliano hayo yakaitwa Marekebisho ya Kigali. Kwa hiyo inafaa kusoma kibandiko cha jokofu na kutafuta R-600a, yaani isobutani, ambayo mchango wake katika joto hilo ni mdogo sana.

Kibandiko cha matumizi ya nishati nacho huonyesha umeme utakaotumika kwa mwaka, kipimo chenye uzito mahali ambapo kaya hulipia umeme kabla ya kuutumia, kwa mita iitwayo cash power, na bei ya uniti hupanda kadiri matumizi ya mwezi yanavyoongezeka.

Yakishatimia hayo, rangi ichaguliwe kwa furaha, na kielelezo kipo nchini: imigongo, sanaa ya mashariki ya Rwanda inayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, kwa jadi hutosheka hasa na nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo, ikifundisha kwamba rangi chache zilizopangwa vizuri huujaza ukuta. Jokofu moja jekundu katika jiko jeupe linatosha. Rangi hiyo ikichosha, fundi wa kupuliza rangi ataibadilisha kwa siku chache. Gesi ambayo mtambo uliundiwa haibadilishwi kwa urahisi huo, na ndiyo maana ukaguzi wake hutangulia.