Bastola ya Mfukoni

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne: mtutu, kifyatuo, magazini, chemba. Tutayahitaji.

Somo la leo limeletwa na barua. Mama mmoja ametuandikia kwa mkono wake mwenyewe, na katika mwandiko wake kila herufi imesimama wima kama askari. Mwanawe anaendesha lori huko Marekani, akikaa mji wa Columbus katika jimbo la Ohio, naye ana hati ya kukaa huko daima. Kijana amempasha habari kwamba amenunua bastola ndogo ya bei nafuu, na kwamba huitia mfukoni kila siku atokapo. Mama anauliza mambo mawili: "Kitu hiki ni kitu gani? Nami nimwandikie nini mwanangu?"

Basi, mama, sikiliza, na wenzako wasikilize nawe.

Bastola ni bunduki fupi inayoshikwa kwa mkono. Mtutu ni ule mrija wa chuma ambamo risasi hupita. Kifyatuo, ambacho wengi hukiita triga, ni kile kidude kinachovutwa kwa kidole. Magazini ni kisanduku chembamba kinachoshika risasi, nacho huingizwa ndani ya mpini. Chemba ni nyumba ya risasi moja, ile iliyo tayari kutoka. Shikeni sana neno hili chemba, maana tutalirudia, na kuna watu wamekufa kwa kutolijua.

Bastola ya mfukoni si jambo jipya Marekani. Fundi mmoja wa mji wa Philadelphia, Henry Deringer, alikuwa akitengeneza bastola fupi za kufichwa katika kiganja, zenye risasi moja tu. Kwa bastola kama hiyo Rais Abraham Lincoln alipigwa risasi usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, akiwa ameketi anatazama mchezo wa kuigiza. Zile za siku hizi ni ndogo vilevile, lakini zinachukua risasi nyingi zaidi. Ruger LCP, iliyoanza kuuzwa mwaka 2008, ina mtutu usiofika inchi 3, na ikiwa tupu uzito wake haufiki wakia 10, yaani gramu 270 hivi. Magazini yake inashika risasi 6, na nyingine 1 hukaa katika chemba. Kitu cha namna hiyo hupatikana dukani kwa chini ya dola 300.

Je, ni halali? Kwa mtu kama kijana wetu, ndiyo. Haki ya raia kuwa na silaha imeandikwa katika katiba yao tangu 1791, na sheria inamruhusu pia mgeni mwenye hati ya ukaazi wa kudumu. Mgeni wa viza ya matembezi au ya masomo kwa kawaida haruhusiwi, na akishikwa nayo ni kosa kubwa. Mfanyabiashara mwenye leseni humjazisha mnunuzi karatasi, kisha huuliza serikalini kama mtu huyu amekatazwa. Ndipo bastola hutolewa.

Sasa neno la bei. Zamani, bastola ya bei nafuu ilikuwa na sifa mbaya. Mwaka 1968, baada ya kuuawa Martin Luther King na Robert Kennedy, Wamarekani walitunga sheria iliyozuia bastola ndogo hafifu zisiingizwe kutoka nchi za nje. Lakini sheria hiyo haikuwazuia watu wa ndani kuzitengeneza wenyewe. Ziba tundu moja, panya atatokea kwa jingine: tangu 1970 viwanda vikazuka kandokando ya Los Angeles, vikitoa bastola za madini ya zinki yaliyomiminwa katika kalibu, kwa bei ya chini sana.

Nitawapa kisa kimoja cha bastola hizo, nacho ni cha kweli. Mwaka 1994, katika jimbo la California, mtoto wa miaka 7 alikuwa nyumbani, na kijana aliyeachwa amwangalie aliichukua bastola ya nyumba ile ili aitoe risasi. Nia yake ilikuwa njema. Bastola hiyo ilikuwa na kifungo cha usalama, yaani kijiti kidogo kinachozuia isifyatuke. Lakini ilibuniwa hivi kwamba huwezi kuitoa risasi iliyo katika chemba bila kwanza kukifungua kifungo chenyewe! Kijana akakifungua. Kidole kikagusa kifyatuo. Risasi ikampata mtoto kidevuni, naye akapooza kuanzia shingoni kwenda chini. Mwaka 2003 raia waliokaa barazani kuamua kesi hiyo walisema sehemu ya lawama ni ya waliobuni na kutengeneza silaha ile, wakaamuru fidia ya mamilioni ya dola, na kampuni ikafilisika. Mtoto hakusimama tena.

Isidhaniwe nasema kila kilicho rahisi ni kibovu. Bastola nyingi za bei ndogo siku hizi zina mtutu wa chuma cha pua na mpini wa plastiki imara, nazo hufanya kazi. Lakini hata kampuni yenye jina huteleza. Ile LCP niliyoitaja, katika mwaka huohuo wa 2008 kampuni yake ilizirudisha zile za kwanza ili kubadili vifaa vya ndani, kwa sababu ziliweza kufyatuka zikianguka sakafuni huku risasi iko katika chemba. Zilitambuliwa kwa tarakimu za mwanzo za namba iliyochorwa katika silaha. Mnaona faida ya kusoma tarakimu? Mwenye bastola yoyote aisome namba yake, aulize kwa mtengenezaji kama aina hiyo imeitwa irudi.

Tuje kwenye udogo wenyewe, maana hapa ndipo wanunuzi wengi wanapojidanganya. Mtu hushika bastola ndogo dukani, akasema, "Hii ni nyepesi, itanifaa mimi nisiye na mazoea." Kumbe ni kinyume. Kilicho rahisi kubeba ni kigumu kutumia.

Fikiri jinsi unavyonyosha mstari wa mahindi. Ukichomeka vijiti viwili mbali mbali ukafunga kamba, mstari wako utanyooka hadi mwisho wa shamba. Ukivichomeka karibu, hatua moja tu kati yao, kosa dogo la kijiti kimoja litakupeleka katika shamba la jirani. Bastola ina alama mbili za kulengea juu yake, nyuma na mbele, na katika bastola fupi alama hizo zimekaribiana mno. Mkono ukitetemeka kidogo, risasi huenda mbali na shabaha. Tena, silaha nyepesi humrusha mpigaji mkono zaidi kuliko nzito. Tena mpini ni mfupi, kidole cha mwisho hakina pa kushika. Na mtutu ukiwa mfupi hivyo, mkono wa pili usipoangaliwa huweza kujikuta mbele ya mdomo wa mtutu. Nawauliza akina baba mliokuwa askari: hamkuwa mkiambiwa hayo?

Basi anayebeba ndogo huhitaji mazoezi zaidi kuliko anayebeba kubwa. Mazoezi yana gharama. Chukueni kalamu tufanye hesabu. Tuseme bastola ni dola 250. Tuseme boksi la risasi 50 ni dola 20, naye hupiga boksi moja kila mwezi katika kiwanja cha shabaha. 20 mara 12 ni ngapi? Ni 240. Kwa mwaka mmoja tu risasi zimekaribia bei ya bastola, na hatujahesabu ada ya kiwanja, wala sanduku la kufuli, wala ala.

Ala ni mfuko wa kuvika silaha, kama ala ya kisu. Wengine huona ni anasa. Ati mfuko wa suruali unatosha! Hautoshi. Ndani ya mfuko huo kuna funguo, sarafu na kalamu, na chochote kati ya hivyo kikiingia penye kifyatuo kinaweza kukivuta. Ala nzuri hukifunika kifyatuo kabisa, hushika silaha isigeuke, na katika mfuko ule hakitiwi kitu kingine. Mkoba ni mbaya zaidi, maana mkoba huwekwa chini. Mwaka 2014, mwezi wa Desemba, katika mji mdogo wa Hayden, jimbo la Idaho, mama kijana alikuwa dukani na mwanawe wa miaka 2. Bastola yake ilikuwa ndani ya mkoba ulioshonwa mahsusi kwa kazi hiyo, wenye mfuko wake na zipu yake. Mtoto akafungua zipu. Mama akafa papo hapo, mbele ya watoto.

Sasa nalirudia lile neno chemba. Ukitoa magazini katika bastola, risasi zote zimetoka isipokuwa moja: ile ya chemba. Bastola inaonekana tupu, nayo si tupu. Kwa hiyo mtu hutoa kwanza magazini, kisha huvuta nyuma kile kifuniko cha juu, hutazama ndani ya chemba kwa macho, na gizani huingiza kidole apapase. Wakati wote huo mtutu umeelekezwa mahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu, na kidole hakigusi kifyatuo. Hata akiambiwa na rafiki, "Nimekwisha itoa," hutazama mwenyewe.

Mwana wa mama huyu ni dereva, na hilo lina mashaka yake. Ohio, tangu Juni 2022, mtu wa miaka 21 au zaidi asiyekatazwa na sheria anaweza kubeba bastola iliyofichwa bila leseni ya kubebea. Lakini Marekani kila jimbo lina sheria zake. Kutoka Toledo, ambao uko Ohio, hadi Detroit, ambao uko Michigan, ni mwendo wa saa moja tu kwa gari. Na Michigan inataka leseni. Dereva hasikii kishindo chochote anapovuka mpaka, lakini mfukoni mwake halali imegeuka kosa la kifungo. Tena kuna mahali ambapo silaha hairuhusiwi hata Ohio, kama vile shuleni na mahakamani. Na kampuni nyingi za malori huwakataza madereva wao. Kuiacha chini ya kiti si dawa, maana bastola nyingi huibwa kutoka katika magari.

Na kuna jambo ambalo mama yeyote mwenye mwana mweusi huko atalifikiri kabla sijalisema. Mwaka 2016, katika jimbo la Minnesota, askari alisimamisha gari la mtu mweusi aliyekuwa na leseni halali ya kubeba. Yule dereva akamwambia askari kwa adabu kwamba anayo bastola. Muda mfupi sana baadaye askari akampiga risasi akafa, akiwa bado amefungwa mkanda wa kiti. Askari alishtakiwa, na mwaka 2017 akaachiliwa. Sheria ilikuwa upande wa dereva, nayo haikumkinga.

Jambo la mwisho ni zito, tulieni. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi huko Marekani. Mtu husikia hesabu hiyo akadhani ni majambazi. Kati yao 26,328, yaani zaidi ya nusu, walijiua wenyewe. Mtu hushikwa na huzuni, na huzuni ile huenda ingepita asubuhi, lakini silaha iko karibu na mkono. Dereva wa lori hulala peke yake siku nyingi, mbali na kwao. Hili, mama, muuza bastola hatamwuliza mwanao. Wewe unaweza. Wewe unaijua sauti yake akiwa mzima na akiwa na jambo moyoni.

Basi tuiandike barua. Usianze na bastola. Anza na salamu za nyumbani, mvua, nani amezaa, nani anaumwa. Kisha muulize kwa utulivu, kila swali kwa mstari wake: Bastola yako iko wapi unapolala? Kuna watoto wanaokuja katika nyumba unayokaa? Umefundishwa na nani, na mara ya mwisho ulikwenda shabaha lini? Umesoma sheria za majimbo unayopita? Mwajiri wako anajua? Unalala vizuri, mwanangu? Na kama siku moja moyo ukiwa mzito, ni nani huko utakayempa silaha akutunzie mpaka upate nafuu? Mwambie akutajie huyo mtu kwa jina.

Ongeza pia hili: akija kutusalimia, asithubutu kuitia katika sanduku lake la safari. Hapa petu silaha haiingii bila kibali, na ruhusa ya Ohio si kitu kwa askari wa forodha.

Darasa, wiki hii kila mmoja ataandika barua hiyo katika daftari, kana kwamba kijana ni wake. Mama, yako itie katika bahasha. Anwani ya Ohio huandikwa jina kwanza, kisha namba ya nyumba na barabara, kisha mji, jimbo na namba za posta, na mwisho kabisa jina la nchi. Jina lako na anwani yako ziandike katika kona ya juu kushoto, ili jibu lipate njia ya kurudi.